Boti ya alumini futi 14: kutoa propela na kufunga jeti kwa kazi ya kriki ya Tudor

mvuvi_mikindani

Salaam wakuu. Boti ni ya alumini, futi 14, ya ribiti, bati la chini lina unene wa mm 2. Mbele ina V, nyuma karibu ni bapa. Katikati pana mkuku (uti wa chini ya boti) wa kimo cha sm 3 unaokwenda mpaka kwenye tezi, yaani mwisho wa nyuma, na kila upande kuna mbavu mbili za nje. Mashine ni Yamaha Enduro ya 40, 2-stroke, mguu mrefu wa inchi 20, ya kushika kwa mkono.

Kazi ni ndani ya kriki ya Tudor hapa Mombasa, kuanzia Mikindani kuingia kwenye mikoko. Siku za bamvua maji yakipwa mafungu yanatoka nje na njia inabaki na kina cha goti. Propela zinaliwa na mchanga, na mguu wa mashine unagonga mawe na mizizi. Nataka kutoa mguu wote wa gia nifunge pampu ya jeti, ile inayonyonya maji na kuyasukuma nyuma badala ya propela.

Nguvu itapungua kiasi gani? Mashine ipandishwe inchi ngapi? Mkuku unabaki au unakatwa? Na chumvi itailaje jeti, maana nayo ni alumini? Mzigo ni watu watatu, nyavu na boksi la barafu.

fundi_shimanzi

Kaka, anza na nguvu, ndiyo inayoamua kama kazi ifanyike au iachwe. Jeti inakula takriban asilimia 30. 40 yako itasukuma kama 28 hivi. Kwa futi 14 na watu watatu hiyo inatosha kuipandisha boti juu ya maji, mradi uzito usirundikwe wote nyuma. Ukiongeza mtu wa nne na boksi limejaa barafu, boti itabaki inalima maji, na jeti inayolima maji ni hasara tupu: inakunywa petroli na bado inataka kina. Mwenye mashine ya 15 asijisumbue kabisa.

Seti za jeti zinatengenezwa kwa mashine mahususi. Zinazojulikana zaidi ni za Outboard Jets ya California. Usiagize kwa kusema "Yamaha 40" ukanyamaza. Toa herufi zote za modeli zilizo kwenye kibati cha kibano, idadi ya silinda, mwaka na urefu wa mguu. Meno ya shafti na sahani ya kuunganishia hutofautiana hata kwa mashine za nguvu moja. 40 ya silinda 2 na 40 ya silinda 3 hazikopeshani kitu. Seti kamili iwe na pampu yenyewe, shafti yake na beringi, impela (feni ya ndani ya pampu), mdomo wa kunyonyea wenye wavu wa vyuma, sahani ya kuunganishia, kopo la kurudi nyuma (linaloziba mkondo wa pampu na kuugeuza mbele) na fito zake, na bomba la grisi. Pampu ndogo ya maji ya kupozea haimo mara nyingi: unaihamisha kutoka mguu wa zamani. Raba yake nunua mpya.

Uzuri ni kwamba shafti ya zamani inabaki ndani ya mguu wa zamani. Ukiusafisha, ukautia mafuta mapya ya gia na kuuweka pakavu, siku jeti ikikushinda unaurudisha kwa kazi ya nusu siku.

Kufunga: mwaga mafuta ya gia, weka gia katikati, fungua kiungo cha fito ya gia, ndipo ufungue bolti za mguu. Kwa mashine iliyokaa maji ya chumvi bolti hizi huwa zimeshikana. Usizilazimishe kwa spana yenye mkono mrefu, zitakatika zikabaki ndani ya alumini, na kuzichimba humo ni kazi ya siku nzima. Tenga tangi la petroli mbali, pasha moto alumini inayozunguka tundu, si kichwa cha bolti, tia mafuta ya kupenya, halafu zungusha robo mbele robo nyuma mpaka ilegee.

Mguu ukishashuka, fungua pampu ya maji na utazame bamba la chuma lililo chini ya raba. Pitisha ukucha. Ukishika kwenye mikwaruzo, bamba limekwisha, badilisha pamoja na raba.

Jeti inafungwa juu ikiwa mdomo na impela vimetolewa, kwa sababu kuna bolti zinazoingilia ndani. Meno ya shafti yapake grisi ubavuni tu. Ukijaza grisi kwenye ncha ya juu inanaswa ndani ya tundu la krenki, shafti haifiki mahali pake, nawe ukikaza bolti unadhani umefunga kumbe unaibana krenki. Pampu lazima ikae kwa kusukumwa na mikono, uso kwa uso, kabla bolti hata moja haijakazwa.

Halafu impela. Weka kii (kipande kinachoifunga impela kwenye shafti) yenye grisi, impela, na washa, yaani ringi bapa, nyembamba. Nafasi kati ya ncha za majani ya impela na ukuta wa mdomo iwe karibu mm 0.8 kote. Ukuta ule una umbo la faneli, kwa hiyo impela ikishuka nafasi inapungua. Washa zilizo upande wa nati ukizihamishia juu ya impela, impela inashuka. Pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kwenye kila jani, zungusha kwa mkono, usikilize. Ikikwaruza popote, rudisha washa moja. Ukiridhika kaza nati na upinde sikio la bati linaloizuia.

La mwisho, na hili watu hulipuuza: kopo la kurudi nyuma. Likiwa kwenye nafasi ya kwenda mbele, lishike kwa mkono ulivute kwa nguvu lijifunge. Halitakiwi kusogea. Likisogea, rekebisha urefu wa fito mpaka lijikaze lenyewe, kwa sababu boti ikiwa mbio maji yanaweza kulinyakua likafunga ghafla, na kila aliye ndani akarushwa omo. Kumbuka pia jeti haina gia. Injini ikiwaka impela inazunguka. Kusimama ni kuliweka kopo nusu tu, na boti haitulii kabisa. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia.

kusi_na_kaskazi

Fundi ameeleza vizuri namna ya kufunga. Mimi nauliza kama inafaa.

Jeti ilitengenezewa mito yenye mawe na maji matamu yanayopita kasi. Kriki zetu zina vitu vitatu inavyovichukia: majani ya bahari, kamba, na mifuko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017 lakini ya zamani na magunia bado yamo ndani ya tope. Mfuko mmoja ukilala juu ya wavu, maji hayaingii, injini inapiga kelele bila mzigo, na boti inasimama hapo hapo. Jani la bahari linazimiwa injini na linadondoka lenyewe mara nyingi. Kamba hapana. Kamba nyembamba na nyavu za uzi mmoja, ambazo ni haramu lakini zimejaa, zinapita katikati ya vyuma vya wavu na kujisokota kwenye shafti juu ya impela. Hapo ni kufungua mdomo wote na kuchana kwa kisu. Wewe ni mvuvi wa nyavu, kwa hiyo kamba unazitupa mwenyewe.

Jambo jingine ni mawimbi. Boti ikiruka, mdomo unatoka majini, pampu inameza hewa, na msukumo unapotea. Jeti bila msukumo haina usukani pia. Ukipunguza petroli ghafla mbele ya nguzo, boti inaendelea ilikokuwa ikielekea hata ukizungusha mkono wa mashine vipi. Kwa hiyo usithubutu kutoka nayo nje ya mwamba wakati wa kusi. Ndani ya kriki, sawa.

Njia rahisi za kujaribu kabla: mashine za mkono nyingi zina nafasi ya kuinamishwa kwa maji madogo, mguu unapanda na unakwenda polepole, angalia yako. Propela ya alumini ya bei nafuu iache ife badala ya mguu. Na kwa tope laini tupu, mashine ya mkia mrefu ya mtindo wa Thailand, yenye injini ya kupozwa na upepo, inashinda jeti na propela zote mbili, ila haina mbio.

mvuvi_mikindani

Shukran. Njia yangu ni mchanga na mawe zaidi kuliko tope, majani ni machache, na mtego nauweka pembeni mwa njia, sipiti juu ya kamba. Nje ya mwamba siendi na boti hii. Kwa hiyo nataka kuendelea.

Ubao wa tezi sasa una kimo cha inchi 20 na nusu. Plaiwudi iliyo ndani nikiigonga kwa mpini wa bisibisi inatoa sauti ya kitu laini pembe ya kulia. Niongeze kipande juu au nivunje wote? Na ule mkuku?

argon_changamwe

Plaiwudi ikishatoa sauti hiyo vunja yote. Kwa kawaida jeti inataka mashine ipande inchi 5 hadi 7 juu ya pale ilipokuwa na propela, na kila inchi unayopanda inaongeza nguvu ya kuupindua ubao. Kipande kilichobandikwa juu ya plaiwudi iliyooza kitang'oka pamoja na mashine.

Toa bati la pembe la juu na ribiti zake, chomoa plaiwudi, itumie kama sampuli hata ikiwa imeoza nusu. Tengeneza mpya kwa vipande viwili vya plaiwudi ya baharini ya mm 18 vilivyogundishwa kwa epoksi na kubanwa usiku kucha: unapata mm 36. Sehemu ya katikati, pale mashine inapokaa, ipande hadi kimo kipya. Mabega yashuke kwa mteremko, usikate pembe mraba kwa sababu ufa huanzia hapo. Kabla ya kuagiza bati pima uwazi wa vibano vya mashine. Plaiwudi mm 36, bati la mm 3 nje na jingine ndani, jumla mm 42. Hakikisha vibano vinameza hiyo na bado vina nyuzi za kukazia.

Epoksi ipakwe pande zote na kwenye kingo mara tatu. Matundu ya bolti toboa makubwa zaidi kwa mm 4 au 5, yajaze epoksi iliyochanganywa na unga wake, ikikauka toboa upya kwa kipimo cha bolti. Hivyo maji yakipenya kwenye bolti yanakutana na epoksi badala ya mbao. Plaiwudi nyingi zinaozea kwenye tundu la bolti.

Usitumie mbao yoyote iliyotiwa dawa ya kijani. Dawa ile ina shaba, na shaba ikigusana na alumini penye chumvi, alumini inaliwa mpaka inakuwa unga mweupe. Kwa sababu hiyo hiyo rangi za kuzuia chaza zenye shaba hazipakwi kwenye boti ya alumini.

Bati liwe la alumini ya baharini, namba 5083 au 5052. Pembe na miraba ya 6061 inafaa. Alumini ya madirisha na ya paa si ya baharini hata muuzaji aape. Kuchomelea ni kwa argon na waya wa 5356, lakini hayo ni kwa ubao mpya na mihimili yake tu. Bati lako la chini la mm 2 lenye ribiti usiruhusu mtu alichome. Joto linalegeza ribiti za jirani na kuunguza gundi iliyo kwenye maungio, unaziba tundu moja unafungua kumi.

Mihimili: weka miwili kutoka juu ya ubao mpya ikiteremka mbele hadi kwenye mbavu za sakafu au kwenye benchi la nyuma, mmoja kila upande wa mashine. Bila hiyo ubao utakuwa unatikisika kila ukifungua petroli, na ribiti za pembeni zitaanza kulia machozi. Mashine ishikwe kwa bolti nne za mm 12 za chuma cha pua daraja la 316. Vibano vya mkono peke yake havitoshi. Sumaku haitakusaidia kutofautisha 316 na 304, kwa hiyo nunua kwenye duka la vifaa vya boti lenye bolti zenye alama kichwani. Kila bolti ipite kwenye washa ya nailoni na kupakwa dawa ya kutenganisha metali kama Duralac au Tef-Gel, chuma cha pua kisigusane na alumini kikavu.

Mkuku unakatwa. Chochote kinachokata maji mbele ya mdomo kinatengeneza mapovu, na mapovu yanaingia moja kwa moja kwenye pampu. Ukate uishie angalau sm 75 kabla ya tezi, na ncha yake ichongwe kwa mteremko mrefu mpaka ilale kwenye bati. Mbavu za pembeni zinazopita nje ya upana wa mdomo ziache. Iliyo ndani ya upana huo ifanyiwe vile vile. Matundu yanayobaki yazibwe kwa ribiti nzima za alumini, si zile za kufyatua zenye tundu katikati, zikichovywa gundi ya poliyurethani. Vichwa vya ribiti kwenye njia hiyo viwe bapa kadiri inavyowezekana.

Mkuku ni uti wa boti, ukiukata rudisha nguvu ndani. Gundisha na upige ribiti sahani ya mm 3 ya 5052 sakafuni, kuanzia tezi na kupita pale mkuku ulipokatwa kwa sm 30 zaidi. Kama una kifaa cha kupima kina kilichofungwa nyuma, au tundu la kutolea maji ya ngama limekaa katikati, vihamishe upande. Ni vidogo lakini mapovu yake yanatosha kuvuruga pampu.

Na boti ya uvuvi ikibadilishwa hivi, mpigie mkaguzi wa KMA (Mamlaka ya Bahari ya Kenya) kabla ya kukata. Ni rahisi kuliko kubishana naye ubao ukishapanda.

mvuvi_mikindani

Nimeelewa. Sasa hizo inchi 5 hadi 7 ni tofauti ya vidole vitatu. Nitajuaje kimo chenyewe, na nitajaribuje majini bila kutoboa matundu kumi?

fundi_shimanzi

Usikate plaiwudi ya juu kabla jeti haijafungwa kwenye mashine. Ninginiza mashine yote kwa winchi nyuma ya boti, boti ikiwa imekaa sawa juu ya vizuizi. Shafti iwe wima ukitazama ubavuni. Kama tezi ina mlalo, pini ya mlalo wa mashine ihamishwe au tia kabari ya alumini. Chukua ubao ulionyooka au pimamaji ya mita 1.2, uibane chini ya tumbo la boti katikati, ncha ikitokeza nyuma hadi kwenye jeti. Mdomo wa kunyonyea umeteremka kwa nyuma; ukingo wake wa mbele ndio unaotakiwa kugusa mstari huo. Usikae juu ya mstari, wala usining'inie chini sana. Hapo ndipo pa kuweka alama ya kimo cha ubao. Pengo kati ya tezi na ukingo huo liwe dogo. Ndiyo maana kwa jeti sipendi mabano ya kuisogeza mashine nyuma, maji yakishaiacha tezi yanapanda na kujichanganya na hewa.

Ubao ujengwe mfupi kwa mm 12 kuliko alama. Kuongeza kipande chini ya kibano ni rahisi, kupunguza ubao uliofunikwa bati si rahisi. Kata vipande vya plaiwudi vya mm 6 viwe tayari. Vibano vingi vina mfereji kwenye tundu la bolti la chini, kwa hiyo bolti zile zile za chini zinakupa nafasi ya kusogea unapojaribu. Za juu toboa ukishapata kimo cha kudumu.

Jaribio lifanyike maji yamejaa na hakuna upepo, mzigo ukiwa ule wa kawaida wa kazi. Nunua kipima mizunguko cha bei nafuu kile cha kuzungushia waya kwenye waya wa plagi. Bila hicho unabahatisha. Fungua petroli yote kwenye mstari ulionyooka, soma namba, kisha kata kona pana kulia na kushoto. Mashine nyingi za 2-stroke za ukubwa huu zinatakiwa ziende 4500 hadi 5500 petroli ikiwa wazi, lakini kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuata. Kama yote ni shwari, pandisha mm 6 urudie. Utafika mahali mizunguko inaruka ghafla kwenye kona na mwendo unapungua: pampu inameza hewa. Shuka mm 6 hadi 12 kutoka hapo, funga kabisa. Kwa kazi ya kriki yenye vijiwimbi vya vivuko na boti nyingine, shuka mm 12.

Ikikaa chini mno utaijua kwa macho: ukuta wa maji unaruka mbele ya mashine na kuingia ndani, na boti inakuwa nzito.

Mizunguko ikiwa juu kuliko kawaida hata ukiwa umenyooka, kuna mambo matatu tu: hewa, takataka kwenye wavu, au impela imekwisha. Ikiwa chini kuliko kawaida, tatizo ni la injini au impela inagusa ukuta. Mzigo wa pampu haubadiliki kwa uzito wa boti kama unavyobadilika wa propela, kwa hiyo usidanganyike kwamba mizunguko imeshuka kwa sababu ya watu.

Kuhusu kina: boti ikiwa mbio, sm 10 za maji zinatosha kuvuka fungu. Lakini kuanzia unataka kama futi 2. Pale unapoanza pampu inavuta kutoka chini, na ukiwasha kwenye maji ya goti juu ya mchanga unaupitisha mchanga wote kwenye impela na kwenye pampu ya kupozea. Sukuma kwa pondo mpaka penye kina, ndipo uwashe. Na ukiwa juu ya fungu usipunguze petroli kwa hofu. Boti itakaa hapo hapo, mdomo ndani ya mchanga.

kusi_na_kaskazi

Kwa kuwa ameamua, niongeze la chumvi, maana hajajibiwa.

Kinachoua jeti mapema ni beringi ya shafti. Wavu na impela vinaonekana, beringi haionekani. Ina bomba la grisi linalotoka ubavuni na ncha yake inafungwa kwenye kitundu cha pumulio. Kwa maji ya chumvi pampu grisi kila siku kazi ikiisha, mashine ingali na joto: chomoa bomba kwenye kitundu, pampu kwenye chuchu yake mpaka grisi itokeze, rudisha. Kiwango cha chini kabisa ni kila saa 10 za kuendesha. Kila saa 30 hivi pampu zaidi mpaka ile ya zamani itoke yote na utazame rangi yake. Ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia, sili imechoka. Ikiwa na chembe zinazong'aa beringi inaondoka.

Suuza kwa maji matamu kila siku. Tuseme wazi: maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, kusuuzia nayo ni kubadilisha chumvi kwa chumvi. Tumia ya mfereji au ya mvua. Jeti ina tundu la skrubu ubavuni la kuunganishia mpira. Maji yafunguliwe kwanza, ndipo injini iwashwe kwa mwendo wa chini kabisa, dakika 5. Usiifungue petroli nje ya maji, impela haina mzigo wowote na injini itapaa. Mkono wako na nguo viwe mbali na mdomo, chini ya wavu kunazunguka.

Anodi ziwe za zinki au za alumini. Za magnesi ni za maji matamu, kwenye bahari zinayeyuka haraka mno. Zisipakwe rangi. Zikiliwa nusu badilisha. Mikwaruzo ya rangi kwenye jeti iguswe mapema kwa praima ya zinki kromati au epoksi, kabla malengelenge hayajaanza.

mvuvi_mikindani

Grisi gani? Ile nyekundu ya beringi za gari inafaa? Na mchanga utaimaliza impela kwa muda gani?

fundi_shimanzi

Tafuta grisi laini ya baharini isiyooshwa na maji, namba 1. Ya beringi za gari kwa kawaida ni namba 2 au 3, ni nzito, haisukumi maji nje kupitia lile bomba jembamba. Ukianza na aina moja usichanganye na nyingine.

Muda wa impela unategemea mchanga unaoupitisha, kwa hiyo pima badala ya kuhesabu miezi. Kila unapofungua mdomo tazama ukingo wa mbele wa kila jani. Ukiwa mviringo kama ukingo wa kijiko, pampu inaanza kushindwa kushika maji unapoondoka. Unoe kwa tupa bapa kutokea upande wa chini tu, upande wa juu usiuguse, mpaka ukingo ubaki na unene usiozidi mm 0.8. Ondoa kiasi sawa kwenye kila jani, la sivyo itatetemeka na kuila beringi. Ukishanoa pima tena nafasi kwa fila geji. Ikizidi mm 0.8, hamisha washa moja kwenda juu. Washa za upande wa nati zikiisha na nafasi bado ni kubwa, ukuta wa ndani wa mdomo ndio uliokwisha, nao unauzwa peke yake. Impela ya chuma cha pua inadumu zaidi kwenye mchanga, ila hapo anodi haziachwi hata wiki moja bila kutazamwa.

Ndani ya boti weka kii mbili za akiba, sikio la nati, raba ya pampu ya maji, spana ya nati za mdomo, na kisu chenye mpini mrefu. Jiwe likikwama kati ya jani na ukuta, zima, inua mashine, jaribu kuizungusha impela kinyume kwa kutumia gurudumu la juu. Likikataa fungua mdomo. Usiliwashie injini ukitarajia litapita, kii inakatika na uko katikati ya fungu maji yanapwa.

argon_changamwe

Na plagi za mashine zitolewe kabla ya kuzungusha gurudumu kwa mkono. 2-stroke yenye joto inaweza kuwaka kwa nusu mzunguko.